Haki za Njia: Somo la Ijumaa za Algeria

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alisimama mzee mmoja, mtu wa heshima katika mtaa wetu, akatuuliza mbele ya watu: "Shekhe, mwanangu anataka kutoka na wenziwe kuandamana barabarani. Mimi nimemwambia kuwa hiyo ni fitina, na kuwa hukumu hiyo nimeisikia hapa hapa, kwa ulimi wako. Naye amenijibu kwa adabu: Baba, mbona Waislamu wa Algeria walitoka kila Ijumaa, wakishaswali, wala hawakushika silaha, na mtawala wao akajiuzulu? Nimekosa la kumjibu. Nimemwambia angoje, jawabu nitalitoa kwako."

Swali hili lilitunyamazisha, kwani mzee alisema kweli. Miaka iliyopita tulipoulizwa juu ya maandamano tulijibu kwa neno moja tu, fitina, tukafunga mlango. Hatukuuliza watu wanatoka kudai nini, wala kwa adabu gani, wala baada ya kujaribu njia zipi. Mwenye elimu akitoa hukumu kabla ya kulijua jambo lenyewe amekosa, hata kama hukumu yake itaangukia penye haki. Basi tulimwomba mzee atupe muhula wa juma mbili, tukazitafuta habari za Algeria, tukazipima na tuliyoyasoma kwa walimu wetu. Leo twaandika jawabu, ili wale waliosikia kosa letu wasikie na masahihisho yake.

HADITHI YA NJIA

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha sahaba zake na kuketi njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi na vikao hivyo, kwani ndipo wanapozungumzia mambo yao. Akawafahamisha kuwa ikiwa hawana budi, basi na waipe njia haki yake. Walipotaka kujua haki hiyo ni ipi aliwatajia mambo manne: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Sisi watu wa pwani twaijua sana hadithi hii, kwani twaisoma kila tunapotaka kuwaonya wakaao barazani. Walakini twaisoma nusu. Twashika habari ya macho na habari ya kuwasengenya wapitao, kisha twafunga kitabu. Ile haki ya nne hatuitulii. Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa kuamrisha mema na kukataza mabaya ni kazi ya mimbarini peke yake. Ameitia katika haki za njia, mahali wanapopita watu wote, tajiri na maskini, mtawala na mtawaliwa. Wala hakuitaja peke yake, bali ameitangulizia tatu.

Katika mpango huu mna funzo kubwa. Mwenye kutoka njiani kukataza mabaya, naye huku anawaudhi wapita njia na kuvunja maduka, huyo ataka kuitimiza haki ya nne kwa kuivunja ya pili. Na mwenye kuketi barazani kimya, akaona mali ya umma inaliwa na mnyonge anaonewa, kisha akajisifu kuwa yeye ameinamisha macho yake, huyo naye hakuifahamu hadithi. Tumeamrishwa tuinamishe macho tusitazame haramu. Hatukuamrishwa tuyainamishe tusione dhuluma.

Kwa mizani hii tutazitazama habari za Algeria.

ALGERIA KABLA YA MWAKA 2019

Nchi ya Algeria ilitawaliwa na Wafaransa tangu mwaka 1830 hata mwaka 1962, ikapata uhuru baada ya vita vilivyoanza mwaka 1954. Chama kilichopigana vita hivyo kilishika serikali peke yake kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 1988 vijana walitoka kwa hasira ya ukosefu wa kazi na ughali wa maisha. Majengo ya serikali na maduka yakavunjwa na kuchomwa, jeshi likapiga risasi, na watu kwa mamia wakafa. Baada ya hayo ilitungwa katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi. Desemba 1991 chama cha Kiislamu kiitwacho FIS kilishinda duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, na Januari 1992 jeshi likaufuta uchaguzi huo.

Yaliyofuata ni msiba ambao kila Muislamu yapasa aujue. Makundi yenye silaha yaliingia milimani, serikali ikajibu kwa mkono mzito, na kwa muda wa kama miaka kumi damu ilimwagika mijini na vijijini. Waliokufa hukisiwa kuwa baina ya watu 150,000 na 200,000, na wengi wao walikuwa raia wasio na silaha. Waalgeria huiita miaka ile muongo mweusi. Hapakuwa na nyumba isiyomjua aliyeuawa au aliyetoweka asionekane tena.

Mwaka 1999 Bwana Abdelaziz Bouteflika alichaguliwa kuwa raisi, na insafu yataka tuseme kuwa katika siku zake vita vilipoa na wengi waliobeba silaha wakasamehewa wakarejea majumbani. Walakini wema wa mwanzo haumpi mtu hati ya milele. Katiba ilimruhusu raisi mihula miwili. Mwaka 2008 kikomo hicho kikaondolewa, akapata wa tatu, kisha wa nne. Mwaka 2013 alipatwa na kiharusi, na tangu hapo watu hawakumsikia akiwahutubia. Mwaka 2014 alipiga kura akiwa katika kiti cha magurudumu. Katika sherehe za serikali ilipelekwa picha yake katika fremu, ikasimamishwa mahali pake, na wakubwa wakaiheshimu ile picha kana kwamba ni mtu. Hata zawadi zikapewa picha.

Wakati huohuo nchi ile, ambayo karibu fedha zake zote za kigeni hutoka katika mafuta na gesi, ilikuwa na vijana waliokata tamaa, wakipanda vimashua kuvuka bahari kwenda Ulaya. Wenyewe huwaita harraga, maana yake wachomaji, kwani huchoma hati zao na kuivuka mipaka bila ruhusa. Wengi walikufa maji.

Tarehe 10 Februari 2019 ikatangazwa kuwa raisi yule yule, naye ana umri wa miaka 81, atasimama tena kwa muhula wa tano.

IJUMAA YA KWANZA NA ZILIZOFUATA

Katika mji wa Kherrata, mji ambao mwaka 1945 watu wake waliuawa na Wafaransa kwa kudai uhuru, raia walitoka tarehe 16 Februari. Kisha, Ijumaa ya tarehe 22 Februari 2019, baada ya sala, watu walitoka katika miji mingi kwa pamoja, na katika mji mkuu wa Algiers, ambako maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku tangu mwaka 2001. Ziko mimbari zilizotumiwa siku zile kuwaonya watu wasitoke, na neno lililotumiwa ni lile lile letu: fitina.

Watu wa Algeria waliliita jambo lao Hirak, nalo ni shina moja na neno letu harakati. Neno lililokuwa ndimini mwao kuliko yote ni "silmiya", yaani kwa amani, nalo latokana na silm, ndugu yake salama na Islamu. Walilitamka neno hili kwa sauti kila askari walipokaribia na kila kijana alipookota jiwe. Lilikuwa ombi kwa askari na amri kwa nafsi zao wenyewe.

Ijumaa ya pili, tarehe 1 Machi, alionekana katika msafara Bibi Djamila Bouhired, ambaye Wafaransa walimhukumu kifo mwaka 1957 kwa ajili ya kupigania uhuru, naye sasa ni mwanamke mzee. Waziri Mkuu wa wakati ule alikwisha kuonya bungeni kuwa huko Syria nako watu walianza kwa kutoa maua, kisha mambo yakaishia katika damu. Ijumaa ya tatu, tarehe 8 Machi, wanawake na watoto walikuwa wengi mno barabarani. Wanafunzi wa vyuo wakajiwekea siku yao, Jumanne. Mawakili wakatoka wamevaa majoho yao, na mahakimu zaidi ya elfu wakatangaza kuwa hawatasimamia uchaguzi usiotakiwa na watu.

Tarehe 11 Machi raisi akasema kuwa hatasimama tena, lakini akauahirisha uchaguzi bila kuondoka madarakani. Watu waliona kuwa huo si muhula wa tano, ni kurefusha wa nne. Wakazidi kutoka. Tarehe 26 Machi mkuu wa jeshi, Jenerali Ahmed Gaid Salah, akataka raisi atangazwe kuwa hawezi tena kazi, na tarehe 2 Aprili 2019 Bwana Bouteflika akajiuzulu. Tangu Ijumaa ya kwanza zilikuwa zimepita siku 39.

NAMNA WALIVYOIPA NJIA HAKI YAKE

Tazama sasa, ndugu msomaji, zile haki moja moja.

Ya kwanza ni kuinamisha macho. Maana yake iliyo pana ni kuchunga heshima ya wapitao, hasa wanawake. Mkutano wa malaki ya watu ni mahali pepesi kwa wahuni. Huko akina mama walitoka pamoja na waume zao na wana wao, na bibi wakatembea na wajukuu. Mzazi hampeleki binti yake mahali ambapo hana matumaini na adabu yake.

Ya pili ni kuzuia maudhi. Vijana wa kujitolea walivaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wajulikane, wakawahudumia waliozimia na walioumia. Magari ya wagonjwa yalipokuja umati uligawanyika, yakapita. Majirani waliteremsha maji kutoka majumbani. Jioni msafara ukishakwisha, vijana walipita na mifuko wakaokota taka, ili wafagiaji wa mji wasiikute kazi mara mbili. Hatusemi kuwa hapakutokea ovu hata moja. Yalikuwapo mawe, yalikuwapo magari yaliyochomwa, na walikuwapo askari na raia walioumia. Wako na waliokufa. Lakini yalikuwa machache mno kwa wingi wa watu wale, na wenyewe hawakuyatetea. Mwenye kurusha jiwe walimshika mkono, wakamwondoa mbele.

Ya tatu ni kuitikia salamu. Waandamanaji waliwaambia askari kuwa wao ni ndugu, na wengine wakawapa maua. Haya si maneno ya woga. Mwenyezi Mungu alipowatuma Nabii Musa na Haruni kwa Firauni, aliyekwisha kuvuka mipaka yote, aliwaamrisha wamwambie maneno laini, kama tusomavyo katika Sura Taha. Ikiwa Firauni alistahiki laini, basi kijana wa polisi aliyesimama juani, ambaye mama yake huenda yumo katika msafara ule ule, anastahiki zaidi.

Ya nne ndiyo iliyowatoa: kukataza mabaya. Mabaya yenyewe yalikuwa wazi. Nchi ya watu zaidi ya milioni arobaini iliwekewa picha badala ya mtawala, na nyuma ya picha walijificha wenye kula.

Na juu ya haki hizi nne waliongeza subira. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwezi wa Mei, nao walitoka Ijumaa zake wamefunga. Walitoka Ijumaa zaidi ya 50 mfululizo. Ghadhabu ya siku moja kila mtu anaiweza. Kurudi nyumbani jioni bila kuvunja kitu, kisha kurudi tena juma la pili na la ishirini, hilo haliwezi ila mwenye kuitawala nafsi yake. Na hapana shaka kuwa ukumbusho wa muongo mweusi ndio uliowafunza. Waziri aliwatisha kwa damu, akasahau kuwa wao waliijua damu kuliko yeye, na kwa kuijua ndiyo maana wakachagua amani.

HOJA YA WENYE KUKATAZA

Hatutawaficha wasomaji wetu kuwa wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz alikataza maandamano, akaona kuwa kumwasa mtawala ni kwa nasaha na barua na mazungumzo, kwani njia ya mikutano ya barabarani huleta shari. Sheikh Yusuf Al-Qaradawi aliyaruhusu yaliyo ya amani, kwa kuwa ni wasila tu, na wasila huchukua hukumu ya makusudio yake. Wote wawili ni watu wa elimu, wala haifai mwenye kushika kauli ya mmoja amtukane mwenye kushika ya mwenziwe.

Sisi tulikuwa tukiitumia hoja ya kumtokea mtawala. Tulipoitazama vizuri tuliona kuwa maonyo mengi tuliyokuwa tukiyasoma juu ya jambo hilo yahusu kumtokea kwa upanga na kuivunja jamaa ya Waislamu. Mtu aliyesimama mikono mitupu, akasema kuwa hili si haki, hajatoa upanga. Mtume (s.a.w.) amelitukuza neno la haki mbele ya mtawala dhalimu, akalihesabu kuwa jihadi iliyo bora. Kulifananisha neno na upanga ni kuwaonea wenye neno na kuwasaidia wenye upanga.

Lakini hoja moja ya wenye kukataza hatuwezi kuiacha, nayo ni ya mwisho wa jambo. Je, ubaya utaondoka, au utakuja ulio mkubwa zaidi?

MIZANI YA IBNUL-QAYYIM

Imamu Ibnul-Qayyim, katika kitabu chake I'lamul-Muwaqqi'in, ameeleza kuwa kukataza ovu kuna daraja nne. Ya kwanza, ovu huondoka, na mahali pake pakaja wema. Ya pili, ovu hupungua, ingawa halikuondoka lote. Ya tatu, huondoka likaja mfano wake. Ya nne, huondoka likaja lililo baya zaidi. Mbili za mwanzo ni katika sharia, ya tatu ni mahali pa ijtihadi, na ya nne ni haramu.

Je, Algeria iko daraja gani? Tuseme kweli, hata kama inauma. Mtawala aliondoka, na mawaziri wakuu wawili wa zamani wakahukumiwa kifungo Desemba 2019 kwa makosa ya rushwa. Haya hayakuwa yakifikirika mwaka mmoja nyuma. Lakini mamlaka yalibaki mikononi mwa wale wale waliozoea kuyashika. Uchaguzi ulifanywa tarehe 12 Desemba 2019 ilhali watu wangali barabarani wakiukataa. Kwa hisabu ya serikali yenyewe waliopiga kura hawakuzidi sana wanne katika kila kumi, na Bwana Abdelmadjid Tebboune akawa raisi. Waandamanaji walianza kukamatwa kwa bendera na kwa maneno. Hata Mzee Lakhdar Bouregaa, mpiganaji wa vita vya uhuru mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini, alitiwa gerezani mwaka 2019 kwa maneno aliyoyasema juu ya jeshi.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wenyewe waliyasimamisha maandamano ili wasiambukizane. Hili nalo ni katika kuzuia maudhi. Walirejea Februari 2021, lakini Mei mwaka ule serikali ikaweka sharti la kutajwa majina ya waandalizi na saa za kuanza na kumaliza, na polisi wakaifunga njia ya Algiers. Bwana Bouteflika alifariki Septemba 2021.

Basi twaona kuwa walifika daraja ya pili. Ovu lilipungua, halikung'oka. Mwenye kusema kuwa walishinda kila kitu amewadanganya vijana, na mwenye kusema kuwa hawakupata kitu amewadhulumu. Na kubwa zaidi ni lile lisilotokea. Wale waliotabiri kuwa Algeria itakuwa bahari ya damu, utabiri wao haukusihi. Nchi iliyozika watu zaidi ya laki moja katika miaka ya tisini ilitoa malaki ya watu njiani mwaka mzima, na jioni wakarudi kwa watoto wao. Sisi twahesabu kuwa hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu, na sababu yake ni kuwa watu waliipa njia haki yake.

TURUDI KWETU

Mzee hakutuuliza ili ajue habari za Algeria tu. Alituuliza juu ya mwanawe.

Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wakubwa, kwa amani na bila silaha. Sheria yataka polisi waarifiwe siku tatu kabla, wala isiwe zaidi ya siku kumi na nne. Basi kijana anayetoka kwa sharti hizi hakuvunja ahadi yake na dola. Anaitumia ahadi hiyo.

Wala hatukusahau mwezi wa Juni 2024. Vijana wa nchi hii walitoka kwa wingi kuupinga mswada wa fedha, nao mwanzo wao ulikuwa wa amani. Tarehe 25 Juni bunge liliingiliwa, risasi zikapigwa, na kesho yake raisi akatangaza kuwa hatautia sahihi mswada ule. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Katika miji kadhaa wezi walijiingiza katika misafara, wakavunja maduka ya watu ambao hawakuwa na hatia. Damu ya aliyepigwa risasi mikono mitupu ni dhuluma, na aliyepiga ataulizwa. Na machozi ya mwenye duka aliyeamka akakuta rafu tupu ni dhuluma pia, na aliyevunja ataulizwa. Haifai moja kulifanya pazia la kulifichia jingine.

JAWABU LETU

Kwa hayo, jawabu letu kwa mzee ni hili. Kutoka kwa amani kukataza dhuluma si fitina kwa nafsi yake. Huwa fitina pale haki za njia zinapovunjwa, na humo barabarani huweza kuvunjwa na mwandamanaji na askari pia. Basi na atazame mambo haya:

1. Makusudio yawe haki ya watu wote iliyo wazi, si chuki ya kabila wala ya dini, wala si kumtumikia mwanasiasa aliyekaa nyumbani huku wana wa watu wako juani.

2. Njia zilizo nyepesi zaidi ziwe zimejaribiwa: barua, ujumbe kwa wakubwa, mahakama.

3. Wawepo wenye kusimamia adabu, wajulikane kwa nguo na kwa nyuso, na wawe na ushujaa wa kumzuia mwenzao kuliko wa kumkabili askari.

4. Mtu asichukue hata kijiti, wala asifunge njia ya mgonjwa, wala asiguse mali ya mtu. Na wezi wakijiingiza, msafara utawanyike siku ile ile, na watu warudi siku nyingine. Waalgeria walirudi Ijumaa zaidi ya hamsini. Siku moja iliyoahirishwa haiui haki.

5. Sala isipotee. Mwenye kudai haki za viumbe na huku anaipoteza haki ya Muumba, amejenga ukuta bila msingi.

Yakikosekana haya, mzee, mzuie mwanao, na mwambie ni sisi tuliosema. Kuzuia uharibifu hutangulizwa kuliko kuleta manufaa, na kijana aliyekufa katika vurugu hasaidii nchi wala mamake.

Lakini yakipatikana, usimzuie kwa jina letu, kwani ile hukumu tuliyoitoa zamani tumeirejea. Na kilicho bora kuliko kumwachia ni kwenda naye. Tumeona huko Algeria kuwa mahali walipotembea wazee na akina mama ndipo mawe yalipopungua. Kijana akimwona babake ubavuni huona haya kuokota jiwe, na askari akiona mvi huona haya kuinua rungu. Vijana wetu tumewaacha peke yao barabarani, kisha twawalaumu kwa kukosa adabu ya njia. Nani basi aliyekuwapo kuwafunza? Sisi wenye vilemba ndio wa kwanza kulaumiwa. Siku watakapotoka kwa sharti hizi, mzee, tutakukuta mbele ya msikiti baada ya sala, inshallah, nasi tutatembea upande wako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu masikio, awape vijana wetu subira, na atupe sisi ujasiri wa kusema tulipokosea. Wabillahi tawfiq.